Klabu Haifi Uwanjani: Dhana Potofu za Mashabiki wa Raga ya Uingereza

Mi ni mhasibu, niko huku Midlands miaka mingi sasa, wateja wangu wengi ni watu wa biashara ndogo, wa vani za mizigo, wa saluni, wa kupika chakula cha sherehe, na nusu yao wanaijua raga kuliko wanavyojua risiti zao ziko wapi. Wakija ofisini tunaanza na raga kwanza. Juzi kaja mzee mmoja wa Coventry, shabiki wa Wasps tangu walipohamia huku, akaketi akaniambia tena ile ile, "lakini tulifika fainali mwaka 2020, timu inayofika fainali inakufaje ndani ya miaka miwili?" Hayo maneno nimeyasikia kwa watu wa Wasps, kwa watu wa Worcester, kwa kijana mmoja wa London Irish, vilabu vyote vilivyoanguka kwa madeni, na sasa nimechoka kuyajibu mtu mmoja mmoja, basi naandika mara moja.

DHANA: Timu ikishinda na uwanja ukijaa, klabu ni nzima

Hapana. Hapana kabisa. Hii ndio inayonikera kuliko zote kwa sababu ndio hiyo hiyo inayowaua wateja wangu, mtu anaona duka limejaa wateja anadhani anapata faida.

Angalia London Irish. Msimu wa 2022/23 walimaliza wa tano kwenye Premiership, yaani ligi kuu ya raga ya Uingereza, wana vijana wazuri, wanacheza raga ya kupendeza, wamefika fainali ya kombe la ligi. Tarehe 6 Juni 2023 wakasimamishwa ligi, mishahara ilishachelewa, deni linatajwa kuwa karibu pauni milioni 30. Wa tano! Jersey Reds je? Hao walichukua ubingwa wa daraja la pili mwaka huo huo 2023, Septemba wakaifunga Bath kwenye kombe, na kabla mwezi haujaisha wakatangaza kwamba wamefunga kazi. Bingwa aliyeko madarakani, hana pesa ya mishahara.

Sasa geuza upande wa pili. Newcastle msimu wa 2023/24 walicheza mechi 18 za ligi wakapoteza zote 18, hakuna hata sare. Klabu haikufa, na Agosti 2025 Red Bull wakainunua. Bath mwaka 2022 walishika mkia kabisa, walifungwa 71 nyumbani na Saracens, wakaenda Gloucester wakala 64 kwa sifuri, mashabiki wao walikuwa wanalia. Miaka mitatu baadaye, 2025, Bath ndio bingwa, wamewapiga Leicester 23 kwa 21 Twickenham, ubingwa wa kwanza wa ligi tangu 1996. Kule chini walikobaki miaka ile nani alikuwa analipa mishahara? Mmiliki, Bruce Craig, ambaye yupo pale tangu 2010. Kwa hiyo ukiniambia msimamo wa ligi unaonyesha afya ya klabu mi nakuuliza, afya ipi?

Tufanye hesabu kidogo, kalamu na karatasi tu. Ligi ina timu 10, mechi 18, maana yake mechi za nyumbani za ligi ni 9. Tisa! Mwaka una wiki 52. Uwanja wa Bath unaingiza watu kama 14,500, tuseme umejaa kila mara na kila mtu kalipa pauni 40 (hiyo bei nimeiweka mimi kwa mfano, na ni kwa ukarimu maana kuna watoto na kuna tiketi za msimu). Kwenye hiyo 40 kuna VAT ya asilimia 20 ndani yake, hiyo si yako, toa, unabaki na 33 na senti. Zidisha kwa watu, zidisha kwa mechi 9, unapata kama pauni milioni 4.35. Kikomo cha mishahara ya wachezaji ambacho ligi inaruhusu kwa msimu ni milioni 6.4, na hapo kuna posho za wachezaji waliokuzwa nyumbani na mchezaji nyota ambaye hahesabiwi, kwa hiyo bili halisi ya wachezaji inapita hapo. Bado hujalipa kocha, daktari, mtu wa kukata nyasi, bima, basi, umeme. Uwanja umejaa pomoni mechi zote tisa na bado tiketi za ligi hazijamaliza mishahara ya wachezaji peke yao.

Ndio kuna pesa ya televisheni, ya wadhamini, ya bia, ya mechi za Ulaya. Najua. Lakini pengo linalobaki kwa vilabu vingi linazibwa na mtu mmoja tajiri anayeipenda timu, na pesa yake mara nyingi inaingia kama mkopo, inakaa kwenye vitabu kama deni. Usione vyaelea, vimeundwa. Siku mtu huyo akichoka, akizeeka, au biashara yake nyingine ikiyumba, timu inayocheza vizuri Jumamosi inakuwa haina mtu wa kusaini mishahara Jumatatu. Hicho ndicho kilichotokea, na mpira wenyewe hauna habari.

Exeter walikuwa tofauti, na ndio maana nilikuwa nawatolea mfano kila siku. Walipanda daraja 2010, wanamiliki Sandy Park yao wenyewe, siku zisizo na mechi wanakodisha kumbi za mikutano na harusi, na kwa miaka mingi walikuwa kati ya vilabu vichache sana vinavyotengeneza faida. 2017 bingwa, 2020 bingwa wa Uingereza na wa Ulaya mwaka mmoja. Halafu tazama, Aprili 2025 wakaenda Gloucester wakafungwa 79 kwa 17. Kumiliki uwanja hakukupi trai (bao la raga), lakini siku ukifungwa 79 unaamka kesho yake bado una uwanja.

Wasps nao walitaka uwanja, na hapa mzee wangu wa Coventry huwa hataki kusikiliza. Desemba 2014 walihama kutoka kule Wycombe wakaja Coventry, wamenunua kampuni yenye uwanja wa viti zaidi ya 32,000, mechi ya kwanza wakajaza watu zaidi ya 28,000, kila mtu anashangilia. 2015 wakatoa hatifungani, yaani hati za kukopa pesa kwa watu, ya pauni milioni 35 kwa riba ya asilimia 6.5, walionunua ni pamoja na mashabiki wa kawaida kabisa. Piga hiyo riba, ni pauni milioni 2.275 kila mwaka, riba tupu, na hujagusa deni lenyewe ambalo lilikuwa lilipwe lote Mei 2022. Ilipofika Mei 2022 pesa haikuwepo. Oktoba tarehe 17 klabu ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi na watu 167 wakapoteza kazi siku hiyo hiyo, wachezaji, makocha, watu wa ofisini. Klabu yenye ubingwa wa ligi mara sita na wa Ulaya mara mbili. Kwa hiyo mzee, fainali ya 2020 mlifika kweli, mkafungwa na Exeter 19 kwa 13, na hata mngeshinda tarehe ya hatifungani ingebaki pale pale.

Na sasa nije kwenye PAYE maana nikianza kuizungumzia hii sitanyamaza. Worcester walipoanguka Septemba 2022 walikuwa wanadaiwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, zaidi ya pauni milioni 6. Wasps nao walidaiwa na HMRC. London Irish hivyo hivyo, HMRC hao hao mlangoni. Mnaona mfanano? Kodi ya PAYE unaikata kwenye mshahara wa mfanyakazi, umeishika tu kwa niaba yake uipeleke serikalini, ni kama mtu kakupa barua umpostie. Haiko tofauti na ya KRA, mamlaka ya kodi kule nyumbani Kenya, jina ni lile lile na kosa ni lile lile. Klabu au kampuni ikianza kuila hiyo pesa ili ilipe bili za mwezi, imeshaugua, na wewe shabiki kule jukwaani huwezi kuona kwa sababu mishahara bado inaingia na mabango bado yanawaka. Nawaambia wateja wangu wote, fungua akaunti ya pili benki, kila siku ya mshahara hamishia kodi huko, usiiguse hata mtoto akiumwa, bora uje nikukopeshe mimi kwanza. Wangapi wanasikia? Wachache.

Ukitaka kujua hali ya klabu yako, hesabu zao ziko Companies House, ofisi ya msajili wa kampuni, kwenye mtandao, bure, huhitaji hata kujiandikisha. Nenda moja kwa moja kwenye madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja, halafu tafuta mkopo wa mmiliki na masharti yake, halafu soma kile kipande ambacho mkaguzi anaeleza kama kampuni inaweza kuendelea kufanya biashara. Na angalia tarehe. Klabu inayochelewesha kupeleka hesabu mi siiamini hata kama inaongoza ligi kwa pointi 10.

DHANA: Ni Covid tu iliyoua vilabu

Covid iliumiza, milango ilifungwa, mauzo ya tiketi yakawa sifuri, vilabu vikachukua mikopo ya serikali ya zaidi ya pauni milioni 100 kwa jumla. Lakini Richmond, klabu ya tangu 1861, ilifilisika 1999, miaka minne tu baada ya raga kuruhusiwa kulipa wachezaji, na London Scottish wakaenda nayo mwaka huo huo. London Welsh walifutwa mwanzoni mwa 2017. Wote hao hakuna aliyewahi kusikia habari za Covid. Covid ilikuta nyumba ina nyufa.

DHANA: Saracens walishuka daraja kwa sababu walichoka

Hawakuchoka, walikuwa mabingwa wa Uingereza na wa Ulaya 2019. Walipitisha kikomo cha mishahara misimu mitatu, Novemba 2019 wakakatwa pointi 35 na faini ya zaidi ya pauni milioni 5.3, Januari ikakubaliwa watashuka, wakaongezewa kukatwa 70, jumla 105. Hakuna timu duniani inayorudisha pointi 105. Wengi wa nyota wao walibaki nao, wakapanda, na 2023 wakawa mabingwa tena. Leicester walionusurika hapo hawapendi kukumbushwa, maana 2020 walimaliza wa 11 kati ya 12 na chini yao alikuwepo Saracens tu mwenye pointi zilizokatwa. Miaka miwili baadaye Leicester huyo huyo akachukua ubingwa wake wa 11, tena mbele ya Saracens hao hao, 15 kwa 12, kwa dropu (teke la kuuangusha mpira chini kwanza) ya Freddie Burns dakika za mwisho kabisa. Hii ndio sababu napenda huu mchezo na vitabu vyake vyote viwili, cha matokeo na cha pesa.

DHANA: Waondoe kikomo cha mishahara tuwe kama Wafaransa

Mnataka kuongeza matumizi kwenye biashara ambayo tayari inakula hasara. Ufaransa kikomo kiko juu zaidi, ndio, lakini mkataba wao wa televisheni ni mnono na miji mingi ya kusini raga ndio mchezo wa kwanza, sio wa pili nyuma ya soka. Uingereza walipunguza kikomo hadi milioni 5 mwaka 2021, wakarudisha 6.4 kuanzia 2024/25, na mi binafsi niliona wamerudisha mapema mno.

DHANA: Anayeshika mkia anashuka

Ukiongelea kushuka kwa matokeo ya uwanjani, wa mwisho ni Newcastle mwaka 2019. Newcastle hao hao walipopoteza mechi zote 18 msimu wa 2023/24 hawakwenda popote. Ealing wamechukua ubingwa wa daraja la pili zaidi ya mara moja na wakabaki huko huko, kwa sababu masharti yalitaka uwanja wa watu 10,001 na wao hawana. Kama unabishana na jirani yako nani "atashuka" mwaka huu, mnapoteza muda.

DHANA: Klabu ikifa imekwisha

Hii nairekebisha kwa upole kwa sababu anayeisema huwa ameumia. Kinachokufa ni kampuni. Worcester walirudi daraja la pili msimu wa 2025/26, kwenye uwanja wao ule ule wa Sixways. Na Richmond, baada ya 1999, walianza upya ngazi za chini na wachezaji wasiolipwa, wakapanda ngazi moja moja, hadi 2016 wakafika daraja la pili. Miaka 17. Nilimwambia mzee wa Coventry hiyo ya Richmond, akahesabu umri wake kwa vidole, akanyamaza, halafu akafungua mfuko akanipa risiti zake.