Chumba cha samaki chini ya nyumba: mfuniko kwanza, hita baadaye

Nyumba nyingi za mteremkoni hapa Mbeya zina chumba cha chini, nusu kimezama kwenye udongo, ambacho huishia kuwa stoo. Kwa matangi ya samaki kina sifa moja kubwa: sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 huchukua lita 243. Ongeza kioo cha milimita 10 na mchanga, unapita kilo 300. Stendi ya skwea paipu yenye matangi mawili ni zaidi ya kilo 600.

Kazi ngumu ni baridi. Mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, wanataka nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Juni na Julai huku hushuka chini ya nyuzi 10. Wengi hukimbilia hita kubwa. Mimi naanza na mfuniko, kwa sababu kila lita ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu theluthi mbili ya uniti ya umeme. Matangi ya wazi yakipoteza lita 10 kwa siku, LUKU inaliwa uniti 6 na ushee bure. Mvuke huohuo hutua ukutani ukawa maji tena: rangi inabanduka, ukungu mweusi unaanzia pembe za dari.

Tumia kioo cha milimita 4. Gundisha kwa silikoni vipande vidogo vya kioo sentimita 1.5 chini ya ukingo, mfuniko ulale juu yake, ili matone yarudi ndani badala ya kuchuruzika nje. Nyuma acha upenyo wa waya na mpira wa hewa. Kisha visha tangi mgongoni, ubavuni na chini lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, unene wa sentimita 3. Hapo ndipo hita: mbili za wati 150 kuliko moja ya 300. Moja ikinata ikiwaka haichemshi samaki upesi. Ikifa, mwenzake anashikilia joto.

Kama ukuta bado unalowa, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, usubiri siku mbili. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka kwenye udongo, na dawa yake ni mfereji wa nje. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wako. Weka feni ya kutolea hewa.

Kuna jambo la mwinuko ambalo watu husahau. Kwenye mita 1,700, maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo punguza idadi ya samaki, na pampu ya hewa isizimwe usiku. Iweke juu ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira na kuiua.

Ukibadilisha robo ya maji kwa maji ya bomba ya nyuzi 15, tangi la nyuzi 26 linashuka hadi 23 mara moja. Jaza pipa la lita 200 jana yake, litie hita na mpira wa hewa: klorini inatoka, maji yanapata joto, na pipa moja linatosha matangi matatu.