Kuchoma CD au kujaza flashi: mambo tunayodanganyana kuhusu nyimbo

Kama ni mtu wa kujitengenezea mchanganyiko wako wa nyimbo, wa kwenye gari, wa safari, wa kichen pati ya dada yako, lazima umeshayasikia haya. Machache yana ukweli kidogo, mengi hayana kabisa.

Sugu kuliko yote ni hili: eti ukizichukua MP3 ulizodanlodi ukazichoma kwenye CD, sauti inapanda, inakuwa ya CD. Hapana jamani. CD ya muziki inabeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, MP3 ya 128 imebaki na kama sehemu moja ya kumi na moja tu ya hizo, nyingine zilishatupwa siku wimbo ulipobanwa, programu ikahesabu kwamba sikio lako halitazikosa sana, na zikishatupwa ndo basi. Kinachofanyika kwenye kuchoma ni kuufumua wimbo ujaze nafasi ya CD, hakuna kilichorudi. Tui ukishalitia maji, hata ulihamishie kwenye sufuria kubwa namna gani halirudi kuwa tui zito.

Hapo hapo ndo wanapoingia wale wa "mimi nadanlodi 320 toka YouTube". Sauti ya video za kawaida za YouTube inacheza kwenye 128 mpaka 160 hivi, sasa hiyo 320 imetokea wapi? Tovuti ya kugeuza imechukua kilichopo ikakuandikia namba kubwa, faili limenenepa, flashi inajaa haraka, na sauti kama imebadilika basi imepungua, maana imebanwa mara ya pili. Ukitaka kuhakikisha danlodi Spek, programu ya kompyuta inayochora sauti, ni ya bure, uburuzie wimbo humo uangalie mchoro wake: ukiona sauti za juu zimekatwa kama kwa panga karibu na kiloherzi 16, wimbo huo ulishabanwa sana huko nyuma, haijalishi jina la faili linajisifu vipi.

Lakini wazee wa CD nao wasitambe sana. Eti faili lolote la mtandaoni ni bovu kuliko CD, si kweli, kuna aina ya faili inaitwa FLAC tangu 2001, inabana wimbo bila kutupa chochote, ukiichoma kwenye CD unapata kilekile kilichokuwepo, na Bandcamp kwa mfano, duka la muziki la mtandaoni, ukinunua wimbo wanakuachia uchague FLAC. Halafu zile CD za mtaani zenye kava la fotokopi, nyingi zilichomwa toka MP3 hizo hizo, kwa hiyo kuwa sahani tu si ushahidi wa kitu.

"CD moja inaingia nyimbo 150." Inategemea umechoma nini. CD ya muziki ni dakika 80, basi, nyimbo za dakika nne zinaingia 20, taarabu za dakika 12 zinaingia sita na hapo ndo unajua nani anastahili kubaki na nani anatoka (mimi hii sehemu ndo naipenda, flashi haikulazimishi kuchagua). Ukichoma MP3 kama data, MB 700 zinabeba hata 180 za ukubwa wa 128, ila redio za zamani hazitazisoma, utaona tu imeandika eror ukadhani CD ni mbovu.

Kuhusu CD kuishi milele: ya kuchoma nyumbani inaandikwa kwenye rangi nyembamba inayochoka na jua na joto, kuiacha kwenye dashibodi ya gari Dar ni kuiua. Na watu wanalinda upande usio wenyewe! Chini kuna plastiki ya kama milimita 1.2, mkwaruzo mdogo unaweza kusuguliwa ukatoka, ila huku juu unakoandika jina data imefunikwa na vanishi tu, ikikwanguka hapo imeondoka.

Flashi nayo inasingiziwa. Redio ya gari haiisomi, mtu anasema feki, kumbe ni ya GB 64 imekuja na mfumo wa kupanga mafaili unaoitwa exFAT na redio inajua ule wa FAT32 tu, iformati upya iwe FAT32. Nyimbo kujipanga ovyo pia si ugonjwa, redio nyingi zinafuata majina ya mafaili au mpangilio ulivyokopi, weka 01, 02, 03 mwanzoni mwa jina. Wimbo mmoja ukinong'ona mwingine ukipiga kelele, programu ya MP3Gain inasawazisha bila kubana upya.

Na wale wa "nimedanlodi kwenye Spotify, niwekee kwenye flashi"... hizo haziendi popote. Zimefungwa humo humo ndani ya app, usipoingia mtandaoni walau mara moja ndani ya siku 30 zinazima, ukiacha kulipia ndo kabisa. Ulichonunua kama faili ndicho unachoweza kukichoma.