Acheni kununua amplifaya kutafuta bezi ya hedifoni, tatizo haliko huko

"Fundi nitafutie kaamplifaya kadogo, hedifoni yangu haina bezi." Hii sentensi naisikia hapa dukani Mwanjelwa, Mbeya, karibu kila siku, kuanzia vijana wa bajaji, wanachuo wa MUST, mpaka wazee wanaosikiliza kwaya, na kusema kweli imeshanichosha. Maana mtu anakuja na hela mkononi kabisa, ukimwambia kaka huhitaji amplifaya anaona unamnyima, anavuka barabara anaenda kuuziwa duka lingine, wiki mbili mbele anarudi na hedifoni ileile, bezi hakuna, na sasa ana kimashine anachokichaji kila siku. Kwa hiyo leo naandika yote.

DHANA: Amplifaya inaongeza bezi

Haiongezi. Kazi ya amplifaya ni kuchukua mawimbi madogo yanayotoka kwenye simu na kuyakuza YOTE kwa kiwango kimoja, bezi, sauti ya mwimbaji, gitaa, trebo (zile sauti nyembamba za juu), vyote vinapanda pamoja. Kama hedifoni yako ikipiga 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde, bezi ya chini) iko chini ya sauti ya mwimbaji kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukifunga amplifaya ya bei yoyote ile itabaki chini kwa desibeli 10 zilezile, tofauti ni kwamba sasa mwimbaji anakupigia kelele zaidi. Zile zenye kaswichi ka "bass" pembeni, hiyo ni ikwalaiza, yani kitu cha kupandisha na kushusha bezi au trebo peke yake, wameiweka ndani, na ikwalaiza unayo kwenye simu tayari, bure.

Afu tuje kwenye nguvu yenyewe. Hedifoni na eafoni nyingi mnazonunua ni za omu 16 au 32 (omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyokaza umeme usipite), na nyingi ukizipa miliwati 1 tu zinatoa karibu desibeli 100. Miliwati 1, yani sehemu moja ya elfu ya wati! Ukizipa miliwati 10 zinafika 110, ukizipa 100 zinafika 120 na hapo sikio linauma. Sasa simu au ile adapta ya pini inayotoa volti 1 hivi, kwenye omu 32 inakupa kama miliwati 30. Nguvu unayo na inabaki. Mtu anaposema "simu yangu haina nguvu ya kusukuma bezi" na huku akifungulia nusu tu sauti inasikika mpaka kwa jirani yake kwenye daladala, jamani, nguvu gani anatafuta tena?

Bezi ya hedifoni inaishi kwenye MUHURI, yani jinsi inavyoziba sikio hewa isitoke, na hili ndo naomba mlishike hata kama mtasahau mengine yote. Ile spika ndogo ya ndani haisukumi hewa ya chumba kizima, inasukuma kahewa kadogo kalikofungiwa kati yake na ngoma ya sikio lako. Hewa ikifungiwa vizuri, hata spika ya milimita 10 ya eafoni inashuka mpaka 20 Hz, ambako ndo mwisho wa chini wa sikio la binadamu. Hewa ikipata pa kutokea, bezi ndo inaondoka ya kwanza, trebo haijali, inabaki palepale, ndo maana unasikia mziki mkavu unaochoma. Kuweka amplifaya hapo ni sawa na tairi lina pancha wewe unaenda kununua pampu kubwa zaidi.

Jaribuni sasa hivi. Vaa hedifoni, weka wimbo wenye bezi unayoijua, afu zibane kwa viganja vyote viwili taratibu kuelekea kichwani. Bezi ikiongezeka ghafla umeshapata jibu, hedifoni ni nzima na muhuri unavuja. Kwa eafoni zile za kuchomeka ndani, zisukume kidogo na uvute sikio nyuma na juu kwa mkono mwingine, utasikia ngoma inashuka chini kabisa.

Na sisi huku tuna tatizo letu ambalo mtu wa Dar hana, BARIDI. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, Uyole, Makete, Njombe, Mafinga, kila mtu yuko ndani ya kofia ya sufu, na hedifoni inavaliwa JUU ya kofia. Kofia ya sufu ni matundu matupu. Alikuja kijana mmoja wa Uyole mwezi wa 7, amevaa kofia mpaka kwenye nyusi, hedifoni juu yake, ananionyesha kwenye simu picha ya amplifaya anayoitaka, nikamwambia mdogo wangu pandisha kofia masikio yatoke, akapandisha, akairudisha hedifoni juu ya ngozi, akanyamaza, afu akapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa. Amplifaya hakununua. Kama baridi ni kali vaa hedifoni kwanza afu kofia juu yake, ama tumia eafoni za ndani kabisa kofia ije juu. Dada zangu wa mtandio ni hivyohivyo, mtandio upite juu ya hedifoni au uvae eafoni, na wenye miwani ya fremu nene mjue ule mkono wa miwani unafungua mfereji pale nyuma ya sikio, tafuteni pedi laini zinazobonyea.

Pedi zenyewe nazo zinakufa. Ile ngozi feki ikianza kuchubuka na kuacha weusi shingoni, muhuri umekwisha, badilisha pedi, ni bei ndogo sana ukilinganisha na amplifaya. Na vile vimpira vya eafoni, kwenye boksi wanaweka saizi tatu, watu wengi wanatumia vile vilivyokuja vimevalishwa na vingine wanatupa! Masikio hayafanani, hata la kushoto na la kulia la mtu mmoja yanaweza kutofautiana, jaribu kubwa huku na kati kule, hakuna anayekuona. Vile vya sponji ndo navipenda zaidi, unavibinya, unachomeka, unasubiri vivimbe, vinaziba kweli, ubaya wake vinachakaa mapema.

Kuna kesi moja tu ya fundi hapa. Kama bezi imepotea NA mwimbaji amepotea, unasikia mwangwi na waitikiaji wa pembeni kama wanaimba kwenye tangi, basi waya wa pamoja, ule mmoja unaorudisha umeme wa spika zote mbili, umekatika au pini haijaingia mpaka mwisho. Kwenye nyimbo nyingi bezi na mwimbaji vinarekodiwa katikati, sawa kushoto na kulia, sasa waya wa pamoja ukikatika zile spika mbili zinabaki zinapiga TOFAUTI ya kushoto na kulia, vilivyo katikati vinafutana. Sukuma pini mpaka ikite, ondoa kava la simu kama limenenepa pale kwenye tundu, ikigoma mletee fundi achomee waya. Na fundi ukichomea angalia usigeuze waya za upande mmoja, ukigeuza, upande mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta, bezi inasikika tupu na kichwa kinazunguka.

Je amplifaya haina kazi kabisa? Inayo, kwa hedifoni nzito kusukuma. Zile za studio za omu 250, 300, 600, au zile za planar (zenye utando bapa badala ya koni) ambazo nyingi zinakula umeme. Beyerdynamic DT 770 Pro kwa mfano inatoka ya omu 32, ya 80 na ya 250, jina moja sura ileile, sasa mtu anaagiza ya 250 sababu kaambiwa ndo ya mastaa, anaichomeka kwenye simu, volti 1 ileile iliyotoa miliwati 30 kwenye omu 32 hapa inatoa 4 tu. Hapo sawa, tafuta amplifaya, au ungenunua ya omu 32 au 80 ukaokoa hela. Dalili ni rahisi, umefungulia mpaka mwisho na bado VYOTE viko chini, sio bezi peke yake. Ila ukinunua uliza impidensi ya kutokea ya hiyo amplifaya, yani omu zake pale unapochomeka hedifoni, iwe ndogo, isizidi kama sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni yako. Ikiwa kubwa, kwenye baadhi ya hedifoni bezi inavimba kidogo, watu wanafurahi wanasema amplifaya ina bezi, lakini ukisikiliza vizuri ngoma haikati, inavuta vuta.

DHANA: Wati nyingi ndo bezi nzito

Hii ni ya wenye sabufa na spika za nyumbani. Boksi limeandikwa maelfu ya wati PMPO, geuza nyuma usome kile kibandiko cha umeme, 220-240V, 50Hz, 60W. Kitu kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kukutolea maelfu kwenye spika, PMPO ni namba ya kuuzia, tafuta RMS, yani wati inazoweza kutoa mfululizo. Na hata wati zikiwa za kweli, kutoka 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3, utaisikia kidogo. Ili sikio lione mziki umekuwa mara mbili unahitaji kama mara 10 ya wati. Kabla hujanunua nyingine isogeze sabufa kwenye kona ya ukuta, kona inaongeza bezi bila shilingi.

Na tafadhali tafadhali, usichomeke hedifoni kwenye matundu ya spika ya amplifaya ya nyumbani kwa waya wa kuungaunga. Umeme ule ni mkubwa mno kwake, inaweza kuungua mara moja, na ikiwa masikioni mwako ni hatari.

DHANA: Ikwalaiza inaharibu hedifoni

Hili nalo linanikera, maana watu wanaogopa dawa yenyewe. Muhuri ukishakuwa sawa na bado unataka bezi zaidi, ikwalaiza NDO njia. Na kutaka bezi sio ushamba kama wajuaji wanavyosema, utafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman alioufanya Sean Olive na wenzake ulionyesha wasikilizaji wengi wanapenda hedifoni yenye bezi iliyoinuliwa kidogo kuliko iliyonyooka. Pandisha sauti za chini ya 100 Hz, desibeli 4, 5, mwisho 6. Ila ukipandisha bezi kwa desibeli 6 unaomba nguvu mara 4 pale chini, kwa hiyo shusha ile slaida ya jumla, preamp, kwa kiasi kilekile ulichopandisha, vinginevyo sauti inakatwa vichwa na unasikia inapasuka. Kinachoharibu ni huko kupasuka ukikuacha kuendelee. Na msipandishe 250 Hz mkidhani ni bezi, hapo mnaongeza matope, mwimbaji anasikika yuko ndani ya debe.

DHANA: "Nyumbani inapiga vizuri, kwenye basi inakosa nguvu"

Hedifoni haijabadilika. Injini ya basi na matairi vinanguruma hukohuko chini bezi inakoishi, vinaifunika, kuanzia Mbeya mpaka Dar, na gari likianza kukaba gia kwenye mlima Kitonga ndo balaa. Watu wanapandisha sauti mpaka mwisho, safari nzima, na hapa nasema kwa uchungu sababu masikio hayana spea. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema desibeli 80 mwisho ni masaa 40 kwa WIKI, ukienda 90 yanabaki masaa 4 tu, na safari ya Dar inayala yote hata Iringa hujafika kushusha abiria vizuri. Tumia eafoni zinazoziba, au zile zenye kufuta kelele, kufuta kelele kunafanya kazi vizuri zaidi kwenye mngurumo wa chini kuliko kwenye maongezi ya watu.

Na kinyume chake, usiku ukisikiliza kwa sauti ndogo bezi inaonekana imekimbia, hiyo ni sikio, sio kifaa. Watafiti Fletcher na Munson walishapima toka 1933, sauti ikiwa ndogo sikio linasikia bezi vibaya kuliko sauti za katikati. Ongeza bezi kidogo kwenye ikwalaiza usiku, asubuhi irudishe.

Nyingine fupifupi. Spika ya milimita 50 sio lazima ishinde ya 40, inategemea ilivyotengenezwa na inavyoziba. Pini ya dhahabu inazuia kutu, bezi haijui dhahabu. Hedifoni zilizo wazi nyuma ni tamu kwa kwaya na gitaa lakini nyingi zinakosa bezi ya chini kabisa, kama unatafuta mdundo chukua zilizofungwa. Za Bluetooth zina amplifaya yao ndani tayari, ukitaka kuziongezea nyingine ya nje unatupa hela.

Na ile ya muuzaji kukwambia "ipigishe masaa 100 bezi itafunguka", usikubali. Kinachobadilika siku za mwanzo zaidi ni pedi kulainika na wewe kuizoea sauti yake. Sikiliza palepale dukani, kwa simu yako, wimbo wako, kofia imevuliwa, vimpira vimebadilishwa, na kama bezi haipo uirudishe mezani kabla hujatoa hela.