Ukurutu wa Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Kliniki za Nairobi

Juni ikiingia, Nairobi huvaa sweta, na kwenye mabenchi ya kliniki za watoto utaona mashavu yaliyokauka, mikono inayokuna na kina mama waliokesha. Maswali yaliyo hapa huulizwa mara kwa mara na kina mama, kina baba, hata na shosho aliyekuja kusaidia malezi. Majibu yanamhusu mtoto tangu anapozaliwa hadi umri wa kuanza PP1, darasa la kwanza la chekechea.

Nitajuaje kama ni ukurutu, na si upele au harara?

Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, una mambo matatu: ngozi kavu, kuwashwa, na tabia ya kupoa kisha kurudi. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu. Ndani ya nepi mara nyingi ngozi hubaki nzima. Akishatembea, huhamia kwenye mikunjo: ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni na kwenye kifundo cha mkono.

Maelezo mengi yanasema ngozi huwa nyekundu, na mama hukaa akingoja wekundu usiokuja. Kwenye ngozi nyeusi, ukurutu unaoumuka, yaani uliopamba moto upya, huonekana wa zambarau, kijivu au hudhurungi iliyokolea, na mara nyingi huja kama vijipele vidogo vigumu vinavyokwaruza. Pitisha kiganja juu yake, kwa maana mkono utakuambia mengi kuliko jicho.

Upele unaoletwa na wadudu huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye viganja na nyayo za mtoto, na mara nyingi kuna mwingine nyumbani anayejikuna. Uliza: je, baba anajikuna? Dada wa kazi je? Jibu likiwa ndiyo, nyote nendeni mkatibiwe siku moja. Choa huwa duara lenye ukingo ulioinuka, na harara hutulia mtoto akipoa jasho.

Nimekosea wapi? Ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito?

Hujakosea. Mtoto huyu amezaliwa na ngozi isiyoshika maji vizuri, na mara nyingi ukiuliza katika ukoo utasikia kuna mwenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu. Ngozi hiyo ikikauka hupata nyufa ndogo zisizoonekana. Sabuni, jasho na vumbi hupenya humo, mwili unapambana navyo, ngozi inawasha. Mtoto anajikuna, nyufa zinaongezeka, na kuwashwa kunazidi. Matibabu yote ya nyumbani yanalenga kuukata mzunguko huo.

Aoge mara ngapi, na maji gani?

Mara moja kwa siku inatosha, dakika 5 hadi 10, maji ya uvuguvugu. Yapime kwa kiwiko chako. Yakikupa raha ya kujichoma kidogo, kama tunavyopenda asubuhi za Julai, ni moto mno kwake. Dodoki na taulo gumu viweke kando.

Sabuni ndiyo hasa ya kuangalia. Sabuni ya mche ya kufulia isiguse ngozi hii, wala sabuni za dawa zenye harufu ya hospitali. Chagua isiyo na manukato, uipake kwenye makwapa, shingo na sehemu ya nepi pekee, mwishoni mwa kuoga. Kwingine maji yanatosha.

Mitaa mingi hapa jijini inaishi kwa maji ya kisima kirefu, na baadhi yake huwa magumu. Utayajua kwa jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu na birika linavyoshika magadi meupe. Kwa sababu ya povu hilo lisilokuja, mtu huongeza sabuni, na sabuni hubaki mwilini na kwenye nguo. Kama una mtungi mmoja wa maji ya mvua au ya mfereji wa jiji, uweke kwa ajili ya kumsuuza mtoto na kusuuza nguo zake mara ya mwisho. Ukikosa, punguza sabuni.

Mtoe majini, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, kisha mpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache.

Mafuta gani? Ya bei ghali ndiyo bora?

Hapana. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na rangi wala manukato, ni dawa nzuri kabisa na yanapatikana kila kioski. Wapo wanaoapa kwa yale ya kopo lenye picha ya ng'ombe. Lolote ulilo nalo, lifungue unuse na usome kibandiko. Likiwa na manukato, mtafutie mtoto jingine. Mafuta maalumu ya watoto yanayonukia vizuri ndiyo yanayoudhi ngozi hii, na inasikitisha kwamba ndiyo hayohayo tunayopelekewa zawadi mtoto akizaliwa. Mafuta ya mzeituni pia yaache, kwani utafiti umeonyesha yanadhoofisha ukuta wa ngozi.

Wengi hukosea kipimo kuliko aina. Kupaka mara moja asubuhi, kidogo kidogo ili nguo zisichafuke, hakusaidii. Mpake mwili mzima mara 2 hadi 4 kwa siku, hata siku ngozi ikiwa nzuri, kwa kushusha mkono kuelekea vinyweleo vinakolalia bila kusugua. Uingereza, mtoto mwenye ukurutu hupangiwa gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki. Mtoto mchanga atatumia pungufu, lakini kopo dogo likikaa miezi mitatu, ujue hapakwi. Chota kwa kijiko safi. Vidole vikiingia koponi kila mara huacha vijidudu ndani.

Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: nguo na blanketi zilizolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka. Katika chumba chenye jiko la makaa, stovu ya mafuta ya taa au mshumaa siku stima ikipotea, mtoto akae mbali na moto, na shuka zake zifuliwe mara kwa mara.

Daktari ameandika steroidi, dawa ya kupaka ya kutuliza ngozi iliyoumuka. Nimeambiwa zinaharibu ngozi.

Hofu hii ina chanzo. Mjini tumeona watu wazima waliojichubua kwa krimu kali hadi ngozi ikawa nyembamba na mishipa ikaonekana. Lakini haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo daktari huanza nayo kwa mtoto, ni steroidi hafifu kabisa. Ikitumika kama ilivyoandikwa ni salama. Anayeumia zaidi ni mtoto ambaye mama yake anapaka kiasi cha punje ya mchele kwa woga, siku mbili, kisha anaacha. Ngozi haiponi, na mwezi mzima dawa inaanzwa na kuachwa.

Kuna kipimo rahisi. Kamua dawa juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia mkunjo wa kwanza hadi nchani. Hicho ni kipimo kimoja, karibu nusu gramu, na kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ikiwa sehemu yote imeshambuliwa, mtoto wa miezi 3 hadi 6 huhitaji kipimo 1 usoni na shingoni, 1 kwa mkono mzima, 1 na nusu kwa mguu mzima, 1 kifuani na tumboni, 1 na nusu mgongoni pamoja na makalio. Tyubu ya gramu 15 ina vipimo kama 30 tu, kwa hiyo usishangae ikiisha.

Paka pale palipoumuka tu, mara moja au mbili kwa siku kulingana na maagizo, kwa siku alizokupangia daktari. Usoni huwa chache kuliko mwilini. Mafuta ya mgando yaendelee, ila acha kama nusu saa kati ya dawa na mafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asianzishiwe steroidi kabla ya kuonwa kliniki.

Kwenye duka la dawa niliuziwa tyubu bila cheti. Siku tatu tu, ngozi ikawa safi! Kwa nini niache?

Kwa sababu huenda ndani yake mna klobetasoli au betamethasoni, steroidi za nguvu ambazo hazifai uso wa mtoto mchanga. Nyingine huchanganywa dawa tatu kwa pamoja: steroidi, ya kuua bakteria na ya kuua fangasi. Hufanya kila kitu kionekane kimepona, pamoja na choa, ambacho huendelea kuenea chini kwa chini. Steroidi kali ikitumika wiki nyingi huingia hadi kwenye damu ya mtoto, na wapo wanaofura uso kwa ajili hiyo. Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa la biashara. Kama umeitumia kwa muda mrefu, usiikate ghafla bila ushauri, bali nenda kliniki na tyubu yenyewe mkononi. Krimu ya kienyeji iliyopakiwa kwenye kopo lisilo na kibandiko usiiguse, hata ikiwa muuzaji anaapa ni mitishamba mitupu.

Baridi ya Julai je? Nimvike zaidi?

Hapa nitasema wazi: watoto wa Nairobi tunawavika kupita kiasi. Fulana, sweta, ovaroli, marvini, shali, na juu blanketi la manyoya, kisha mama anapanda matatu iliyofungwa madirisha. Ndani ya kifurushi hicho mtoto anatoka jasho, na jasho linawasha vibaya mno. Tia vidole nyuma ya shingo yake. Pakiwa na majimaji, punguza nguo moja. Viganja na miguu ya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, basi usivitumie kupima.

Pamba itangulie kwenye ngozi, sufu ikae juu yake. Ile kofia aliyofuma shosho si lazima uikatae, ila itiwe kitambaa cha pamba ndani. Nguo za mitumba fua kwanza na ukate lebo ya shingoni. Kucha zikatwe fupi kila wiki.

Nimwondolee maziwa, mayai na njugu (karanga)?

Usimwondolee kwa kubahatisha. Ukurutu wa watoto wengi hautokani na chakula, na mtoto aliyenyimwa mayai, maziwa na samaki kwa pamoja atadhoofika huku akiendelea kujikuna. Endelea kumnyonyesha, na wewe mwenyewe kula kawaida.

Ni tofauti iwapo ndani ya dakika chache au saa mbili baada ya kula kitu fulani anavimba midomo, anatoka mabaka yanayofura, anatapika au anakoroma kifuani. Hapo acha chakula hicho umpeleke hospitali. Tofauti pia ni kwa mtoto mdogo ambaye ukurutu wake ni mkali na haushiki matibabu, kwani huyo anaweza kuwa na mzio wa yai au maziwa ya ng'ombe.

Kuhusu njugu, ushauri umegeuka. Utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015 ulifuata watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa yai. Walioanza kulishwa njugu mapema walipata mzio wa njugu kwa kiwango cha chini sana kuliko walionyimwa. Kwa hiyo mtoto mwenye ukurutu wa kawaida akianza kula akiwa na miezi 6, uji wake unaweza kutiwa siagi ya njugu laini. Njugu nzima zitamkaba, asipewe. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Piriton, ile dawa ya mzio, inasaidia?

Inaleta usingizi, haitibu ukurutu. Usimpe mtoto kila usiku kwa kujiamulia.

Nimeshauriwa kumwogesha na Dettol, au kumpaka mshubiri.

Dawa ya kuua vijidudu huchoma na kukausha ngozi iliyokwisha kukauka. Mshubiri mbichi humwasha mtoto mwingine zaidi. Nazi haina ubaya ikiwa ni mafuta safi yasiyotiwa manukato. Ukitaka kujaribu, paka sehemu ndogo ya mkono kwa siku kadhaa kwanza.

Mabaka ya ukurutu yameacha madoa meupe. Ni steroidi iliyoyaleta?

Mara nyingi ni ukurutu wenyewe uliovuruga rangi. Rangi hurudi baada ya miezi, ilimradi ngozi isiumuke tena.

Lini niache tiba ya nyumbani nikimbilie hospitali?

Ngozi ikitoa majimaji na kuganda maganda ya manjano kama asali, ikiwa na joto au usaha, bakteria wameingia. Nenda siku hiyohiyo. Zahanati au kituo cha afya cha mtaani kinatosha kuanzia. Ikishindikana, omba barua ya rufaa kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki hiyo.

Usingoje hata kuche ukiona malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanayopasuka na kuacha vidonda vya duara vilivyolingana, hasa mtoto akiwa na homa na kukataa kunyonya. Huenda ni kirusi cha hepesi, kile kinacholeta vidonda vya midomo kwa watu wazima, na kwenye ngozi yenye ukurutu huenea upesi na kufikia hata macho. Ndiyo maana mgeni mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto huyu, hata akinuna.

Chanjo?

Apate zote kwa wakati.

Wa daycare anakataa kumchukua, anasema ataambukiza wenzake.

Ukurutu hauambukizi, na barua fupi ya kliniki itakusaidia kulisema hilo. Mpelekee mlezi kopo la mafuta lenye jina la mtoto na kijiko chake, mwonyeshe unavyopaka, na mkubaliane saa: baada ya kuoga nyumbani, saa sita mchana kabla hajalala, na kila anapofutwa uso baada ya kula, maana ute na uji ukikaukia mashavuni huamsha kila kitu upya.