Si kila mwenye shida ya fedha amekosa elimu ya fedha

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa na viongozi wa taasisi ili nizungumze kuhusu ustawi wa kifedha wa wafanyakazi wao, na karibu kila mara mazungumzo huanza kwa ombi lile lile: "Watu wetu hawana elimu ya fedha, tuandalie semina." Mwezi huu nimelisikia mara tatu, na mara zote tatu mwombaji hakuweza kunieleza mishahara hulipwa tarehe gani, makato huacha kiasi gani mkononi, wala wafanyakazi wake hukopa siku zipi za mwezi na kwa sababu gani. Uchunguzi haujafanyika, dawa imekwisha kuandikwa. Dhana hiyo inawaumiza watu, kwani aliyelemewa na deni huondoka ukumbini akiamini kwamba kasoro iko kichwani mwake.

Ushahidi uko hivi. Mwaka 2014 Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer walichambua kwa pamoja tafiti 201 zilizotangulia kuhusu elimu ya fedha na mienendo ya watu katika mambo ya fedha. Walikuta kwamba mafunzo yaliyotolewa yalieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za mwenendo kati ya mtu na mtu. Kwamba athari hiyo ilikuwa dhaifu zaidi kwa watu wa kipato cha chini, ambao ndio hasa semina hizi huandaliwa kwa ajili yao. Na kwamba hata mafunzo ya saa nyingi yalikuwa hayaonekani tena katika mwenendo wa watu ilipotimia miezi 20 au zaidi.

Hapo hujibiwa kwamba wanaoelewa riba na mfumuko wa bei huweka akiba zaidi kuliko wasioelewa. Ni kweli ndivyo inavyoonekana kwenye dodoso, lakini mtu aliyezoea kupanga mambo yake na kuwaza ya mbele hujifunza habari za fedha na pia huweka akiba, na yote mawili huchipuka kutoka tabia ile ile, hivyo anayepima ujuzi na akiba peke yake atadhani kimoja kimekizaa kingine. Watafiti hao watatu walipoziingiza sifa za kitabia katika hesabu, uhusiano kati ya ujuzi na mwenendo ulipungua sana. Hili ni somo la mwaka wa kwanza katika mbinu za utafiti wa sayansi ya jamii, na inasikitisha kwamba mipango mingi ya mafunzo bado imejengwa juu ya kosa hilo.

Haki inanilazimu kutaja upande wa pili. Mwaka 2022 Tim Kaiser, Annamaria Lusardi, Lukas Menkhoff na Carly Urban walichambua majaribio 76 ambayo washiriki wake waligawanywa katika makundi kwa nasibu, wakakuta kwamba mafunzo huongeza ujuzi na hugusa mwenendo pia. Matokeo hayo nayakubali, wala sisemi kwamba elimu haina kazi. Ninachokataa ni kuichukulia kama kitu kimoja kinachomfaa kila mtu wakati wowote. Katika Jamhuri ya Dominika, Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar waliwafundisha wafanyabiashara wadogo kwa njia mbili: kundi moja lilipewa somo la kawaida la uhasibu, na jingine likapewa kanuni chache nyepesi, kwa mfano namna ya kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani bila kuandika vitabu vya hesabu. Kundi la kanuni nyepesi ndilo lililoboresha usimamizi wake wa fedha, ilhali somo la uhasibu halikuleta badiliko la kutegemewa. Wahudhuriaji wangu wengi wanajua vizuri kwamba mkopo wa haraka una riba kubwa. Walikopa wakilijua hilo, kwa kuwa bili ilikuwa na tarehe na mshahara ulikuwa na tarehe nyingine.

Jambo hili la tarehe ndilo ninalotamani lieleweke kuliko yote. Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha mwaka 2013 utafiti uliohusisha wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, ambao hupata sehemu kubwa ya kipato chao mara moja kwa mwaka. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, alipokuwa amebanwa, kuliko baada ya mavuno. Elimu yake haikuwa imebadilika katika miezi hiyo michache, wala hakuwa mtu mwingine. Wapo watafiti waliohoji baadhi ya vipimo vya utafiti huo, na mjadala wa namna hiyo ni wa lazima. Hata hivyo, nionavyo mimi, unatuonya tusimkague mtu akiwa katikati ya dhiki kisha tukaandika kwamba hajui kupanga.

Linganisha sasa semina na mpangilio. Brigitte Madrian na Dennis Shea, katika utafiti wa mwaka 2001, walifuatilia kampuni moja kubwa ya Marekani iliyobadilisha utaratibu wake wa akiba ya uzeeni: badala ya mfanyakazi mpya kujaza fomu ili ajiunge, aliingizwa moja kwa moja na kuachiwa hiari ya kujitoa. Ushiriki ulikuwa asilimia 86 kwa walioajiriwa chini ya utaratibu mpya, dhidi ya asilimia 49 kwa walioajiriwa mwaka uliotangulia mabadiliko hayo. Hakuna aliyefundishwa chochote. Fomu tu ndiyo iliyogeuzwa. Utafiti huo una onyo pia, maana wengi walibaki kwenye kiwango cha chini cha mchango kilichowekwa na mwajiri kana kwamba walikuwa wameshauriwa hivyo, na kwa hiyo anayepanga utaratibu anabeba dhamana kubwa kuliko anayeshika kipaza sauti ukumbini.

Ndiyo sababu ushauri wangu kwa mwajiri haubadiliki, na wanaonifahamu wameuchoka. Sogeza tarehe ya makato iwe karibu na siku ya mshahara. Mwezeshe mfanyakazi kugawa mshahara wake kabla haujafika kwenye akaunti ya matumizi, hata kama kinachotengwa ni kidogo sana. Kisha toa elimu fupi saa ile ile ambayo mtu anataka kusaini mkopo, kwa kuwa maelezo kuhusu riba yaliyotolewa miezi minane kabla yamekwisha sahaulika.

Zipo dhana nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. Ya kwanza ni kwamba kipato kikipanda, ustawi wa kifedha utafuata wenyewe. Sitapuuza uzito wa kipato, maana asiyetosheleza mahitaji ya msingi hawezi kushibishwa na ushauri. Hata hivyo, mwaka 2015 taasisi ya serikali kuu ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliueleza ustawi huo kwa mambo manne: kuyamudu matumizi ya kila siku, kuweza kuhimili pigo la ghafla, kuwa katika njia ya kufikia malengo, na kuwa na uhuru wa kuchagua yanayomfurahisha mtu maishani. Watu wawili wenye mshahara sawa wanaweza kutofautiana katika yote manne, hasa mmoja akiwa na akiba ya dharura na mwingine hana.

Ya pili ni bajeti ya mwezi, ambayo washauri wenzangu huigawa kama karatasi ya maombi. Jonathan Morduch na Rachel Schneider walifuatilia mapato na matumizi ya familia 235 za Marekani kwa karibu mwaka mzima, wakakuta kwamba kwa wastani kulikuwa na miezi kama mitano ambayo kipato cha familia kilipanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 25 kutoka wastani wake wenyewe. Bajeti inayochukua kila mwezi kuwa sawa na mwingine haina la kumwambia mtu wa namna hiyo. Anachohitaji ni kalenda inayoonyesha fedha inaingia lini na inatakiwa lini.

Ya tatu husema kwamba akiba ni kile kinachobaki. Hakibaki. Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliwaomba wafanyakazi waahidi kuweka akiba sehemu ya nyongeza za mshahara zijazo, kabla hawajazipokea, na waliojiunga katika kampuni ya kwanza kuujaribu mpango huo walipanda kutoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 katika miezi 40.

Ya mwisho hutoka kwa wahasibu, nayo ni kwamba kumuuliza mtu anavyojisikia kuhusu fedha zake si kipimo cha kuaminika, kwa hiyo tutazame salio. Netemeyer, Fernandes na Lynch, wakiwa na Dee Warmath, walionyesha mwaka 2018 kwamba hisia hiyo ina sehemu mbili zinazopimika, yaani msongo wa kuendesha fedha za leo na matarajio ya usalama wa kesho, na kwamba uzito wake katika ustawi wa jumla wa maisha unalingana na uzito wa kuridhika na kazi, hali ya afya na msaada wa mahusiano vikijumlishwa. Taasisi ile ya Marekani niliyoitaja nayo ina dodoso la maswali kumi, ambalo majibu yake hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Kiongozi anayetaka semina sasa namwomba kwanza awape wafanyakazi wake maswali hayo kumi bila kuwataka waandike majina, kisha anipe majibu pamoja na ratiba ya mishahara na makato, ndipo tupange siku ya kukutana.