Wateja wa sola ya nyumbani: dhana potofu zinazoua biashara changa, na ukweli wake

Karibu kila wiki kuna kijana ananitumia meseji, kaka nimefungua biashara ya kufunga sola majumbani, nina duka, nina mafundi wawili, wateja unawatoa wapi? Nikimuuliza amefanya nini mpaka sasa, majibu yanafanana sana, amechapisha vipeperushi, amebusti tangazo Instagram, ana namba mia tatu kwenye simu na hakuna hata mmoja aliyelipa. Nafanya kazi hii hapa Dar na mkoa wa Pwani kwa miaka kadhaa sasa na inaniuma nikiona mtaji wa mtu unaisha kwa vitu ambavyo angeambiwa mapema asingevifanya, kwa iyo naziandika hapa dhana ninazokutana nazo sana.

DHANA: Wateja wa sola wako vijijini ambako umeme haujafika.

Hii ndo kubwa kuliko zote. Mtu anakodi Noah, anapakia paneli, anaenda Rufiji huko ndani, anarudi na mzigo wake wote. Ni kweli kule wapo wanaohitaji, maana serikali imefikisha umeme karibu vijiji vyote 12,318 lakini ukishuka kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, mwaka 2024 ni karibu nusu tu vilivyokuwa na umeme, alafu hata kwenye kitongoji chenye nguzo sio kila nyumba imevutiwa waya. Ila hao wengi wanahitaji taa tatu, kuchaji simu na redio au tv ndogo, na soko hilo lina kampuni kubwa zenye mtaji wa kukopesha. M-KOPA, kampuni ya kuuza sola kwa mkopo, walipoanza kuuza Kenya mwaka 2012 mteja alikuwa analipa kidogokidogo kwa M-PESA na mtambo unajizima wenyewe asipolipa. Wewe mwenye duka moja huna mfumo wa kuzima mtambo ukiwa mbali, ukimkopesha mtu wa kilomita mia mbili ukadhani utamfuata kila mwezi, nauli peke yake inakumaliza.

Mteja wako wewe wa kufunga invata (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani) na betri ya lithiamu mara nyingi tayari ana LUKU, yaani umeme wa TANESCO wa kulipia kabla. Anakaa Goba, Madale, Bunju, Kibaha, Kigamboni, ana friji mbili, ana feni, watoto wanasoma usiku, labda anauza barafu na juisi hapo nyumbani au ana saluni upande wa mbele, na umeme ukikatika anapoteza hela. Huyo anajua kabisa kinachomuuma, hauhitaji kumfundisha.

DHANA: Kila mwenye LUKU ni mteja, mwambie tu ataokoa hela.

Hapa naomba tukae kidogo maana hesabu hii watu wengi hawaifanyi na ndo inayowafanya wazunguke na wateja wasionunua.

Kwa viwango ambavyo vimekuwepo kwa miaka kadhaa sasa, nyumba inayotumia unit 75 kushuka chini kwa mwezi iko kundi la bei linaloitwa D1, inalipa Sh 100 kwa unit kabla ya kodi na tozo, ukijumlisha kila kitu ni kama Sh 122. Anayetumia zaidi yuko kundi la T1, Sh 292, ukiweka VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama Sh 356. Kwa iyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu kwenye simu ni hili, ukinunua umeme wa elfu kumi unapata unit ngapi? Akisema 80 na kitu yuko D1, akisema 28 yuko T1, (hakikisha tu anakumbuka siku ambayo kodi ya jengo haikukatwa, vinginevyo namba itakuchanganya). Sekunde kumi tu na nimeshajua mazungumzo yanaelekea wapi.

Wa D1 ukimwambia ataokoa hela kwa sola utakuwa unamdanganya, umeme wake ni rahisi mno, mfumo wa mamilioni hautajilipa. Huyo kama ananunua ni kwa sababu ya kukatikakatika, basi muuzie hicho, invata ndogo na betri ya kumfikisha asubuhi. Wa T1 mambo yanabadilika. Paneli nne za wati 550 ni wati 2,200, jua la Dar tuseme saa nne na nusu za nguvu kamili kwa siku, toa robo inayopotea kwenye joto, vumbi, waya na invata, unabaki na kama unit saba kwa siku. Mara 356 ni kama Sh 2,500 kwa siku, elfu sabini na tano kwa mwezi, na hiyo ni kama zote saba zinatumika, maana mchana watu wakiwa kazini na betri imeshajaa unit zinazobaki hazina pa kwenda. Chukua bei ya kotesheni yako, gawanya kwa hiyo ya mwezi, alafu kwa kumi na mbili, hapohapo mbele ya mteja, aone ni miaka mingapi. Nimewahi kufanya hivyo sebuleni kwa mzee mmoja mstaafu, akakaa kimya mda mrefu, akasema kijana wewe ni wa tatu kuja hapa na ndo wa kwanza kunionyesha hesabu. Alifunga baada ya miezi miwili, na akaniletea mdogo wake na jirani wa nyuma.

Na usimwambie mtu "utaachana na TANESCO kabisa". Pasi inakula wati elfu moja kwenda mbele, hita ya kuogea ya papo kwa papo inafika wati elfu tatu na zaidi, betri ya kilowati-saa tano, yaani unit tano, haiwezi kubeba hizo na friji na pampu ya maji usiku kucha. Ukimuahidi hivyo atakupigia saa nne usiku gizani, alafu mtaa mzima utajua.

DHANA: Nunua namba za simu, tuma meseji kwa watu elfu mbili, hata wakijibu ishirini ni biashara.

Nilishafanya mwanzoni. Kuna mtu aliniuzia faili la namba akasema ni wenye nyumba wa maeneo fulani, nikatuma meseji, nikapata matusi, nikapata waliohama mkoa, na mama mmoja alinipigia kwa utulivu kabisa akaniuliza, mwanangu, namba yangu umeitoa wapi? Sikuwa na jibu. Mpaka leo swali lile nalikumbuka kwa sababu alikuwa na haki kulijua.

Na siku hizi ni suala la sheria pia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na ina tume yake, Kenya wao wana ya kwao tangu 2019. Namba ya mtu ni taarifa yake, kuinunua bila yeye kujua na kuanza kumtangazia ni kujitafutia kesi. Namba nzuri ni ile aliyokupa mwenyewe kwa mkono wake akijua utampigia kwa jambo gani.

DHANA: Tangazo likipata komenti nyingi wateja wameshapatikana.

"Bei gani?" "Njoo inboksi." Posti yenye komenti mia nne za bei gani inaweza isitoe hata mteja mmoja, nimeona. Sisemi usitangaze, tangaza, ila tangazo lako liulize kitu. Badala ya picha ya paneli na namba ya simu, weka picha ya nyumba uliyofunga (kwa ruhusa ya mwenye nyumba), andika inabeba nini, imefungwa wapi, bei yake inaanzia ngapi, ndio weka bei, ukificha bei unajiletea wasio na uwezo na unawafukuza wenye haraka. Alafu anayekuja inboksi muulize vitu vitano tu: nyumba ni yako au umepanga, elfu kumi inakupa unit ngapi, unataka vitu gani viwake umeme ukikatika, paa ni la bati au vigae au zege, na unataka ifungwe lini. Aliyejibu vyote vitano huyo ni mteja mtarajiwa, mfuate mpaka nyumbani. Asiyejibu mshukuru, endelea na wengine.

DHANA: Fundi umeme wa mtaani ni mshindani wako.

Yaani hapa ndo pesa ilipo na watu wanaipita. Fikiria nyumba za kwetu zinavyojengwa, msingi mwaka huu, kuta mwakani, kupaua mwaka unaofuata. Kuna wiki chache tu, baada ya kupaua na kabla ya plasta na silingi bodi, ambapo mabomba ya waya yanapitishwa ukutani. Ukifika wakati huo unaweza kumwambia mwenye nyumba atenge saketi mbili, moja ya vitu vya muhimu, taa, friji, soketi za sebuleni, feni, na nyingine ya vitu vizito kama pasi, jiko na hita, na aache bomba moja kubwa kutoka juu ya paa mpaka sehemu ya invata. Gharama yake wakati ule ni ndogo sana. Ukifika nyumba imeshapakwa rangi inabidi uchimbe ukuta, na mama mwenye nyumba akiona nyundo anaghairi.

Nani yuko saiti wiki hizo? Fundi umeme. Wa pili ni fundi wa kupaua, na muuza bati na vifaa vya ujenzi pale kona. Hao wanajua nyumba ipi ya nani, nani yuko Oman au Uingereza anatuma hela za kujengea, nani kaishiwa. Kaa nao, wafundishe kupima mzigo wa nyumba, mpe fundi kamisheni siku mteja anapolipa, siku hiyohiyo, usimzungushe, na kazi ya waya mwachie yeye afanye aliyopewa. Wengi wana leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, na kama wewe huna basi ndo sababu nyingine ya kushirikiana naye mpaka upate ya kwako (walioko Kenya leseni ya fundi sola inatoka EPRA, mdhibiti wao wa nishati). Kwangu mimi mafundi umeme wanne wa ukanda wa Madale na Goba wameniletea kazi kuliko matangazo yangu yote ya mwaka mzima.

DHANA: Shusha bei kuliko wote, watakuja.

Watakuja, ndio, alafu utaweka betri iliyochoka ndani na paneli yenye stika ya uongo ili ubaki na faida. Wateja wenyewe wafundishe kukagua, inakujengea imani haraka kuliko punguzo. Paneli za sasa zinatoa kama wati 200 hadi 220 kwa mita moja ya mraba, kwa iyo paneli ya wati 550 lazima iwe kubwa, urefu zaidi ya mita mbili na upana zaidi ya mita moja, kilo kama 28. Ukiona stika inasema wati 500 na mtu mmoja anaibeba kwapani, stika inadanganya. Nikimwonyesha mteja hili akiwa na futi kamba mkononi, hata akienda Kariakoo kulinganisha bei anarudi.

DHANA: Mgao ukianza ndo msimu wetu.

Mwishoni mwa 2023 mgao ulipokuwa mkali simu zilikuwa haziishi, tulifunga mpaka usiku. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme ukawashwa, lile la megawati 2,115 kwa ujumla wake, hali ikaanza kutulia na watu waliokuwa wameshanipa advansi wakaanza kuomba warudishiwe. Nilikuwa nimeshanunua mzigo. Aliyekuja kwa hofu ya mgao hofu ikiisha anaondoka, waliobaki ni wale wenye LUKU kubwa na wale wenye biashara nyumbani. Mgao ukija pokea simu zote, ila usiagize kontena kwa sababu yake.

DHANA: Aliyesema "nitakutafuta" amekataa.

Hapana. Anasubiri mkopo wa SACCOS, anasubiri zamu yake VICOBA, anasubiri mume arudi safari. Mimi nina daftari la kawaida kabisa la kaunta, kila mtu ana mstari wake, alisema nini na nimpigie lini, na nikimpigia naanza na alichoniambia yeye, shikamoo mama, ulisema mwezi wa nane utakuwa umemaliza silingi, imefikia wapi? Kuna nyumba ya Kibamba niliipigia mara nne ndani ya miezi kumi na minne. Tulifunga.

Na waliokwisha kufunga usiwaache. Baada ya miezi sita rudi, panda juu, osha paneli, kaza nati, angalia betri, usidai hata senti. Mda huo upo juu ya bati majirani wanakuona, mmoja atakusimamisha getini ukishuka, muulize umeme wa elfu kumi unampa unit ngapi.