Intaneti ni nini hasa, na data husafiri vipi?

Intaneti ni mitandao mingi ya kompyuta iliyounganishwa na kukubaliana kupokezana data kwa kanuni zilezile. Basi. Wavuti (yaani kurasa na tovuti tunazofungua), barua pepe, simu za video na michezo ya mtandaoni ni vitu vilivyopanda juu yake. Mtandao wa kampuni ya simu una mwenyewe, wa chuo kikuu una mwenyewe, wa benki vilevile. Ila jumla yake, hiyo tunayoiita intaneti, haina mwenyewe.

Kanuni hizo huitwa itifaki, na zilizo kubwa kuliko zote ni mbili zinazotajwa pamoja, TCP/IP. Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha msingi wake mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ukahamia rasmi kwenye kanuni hizo. Wavuti ulikuja baadaye: Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva. Anayesema Berners-Lee ndiye aliyevumbua intaneti amempa sifa isiyo yake. Barua pepe zilikuwa zikitumwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine tangu 1971, kabla hata ya TCP/IP yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Umeandika jina la tovuti kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, ukabonyeza. Kompyuta haziendi kwa majina. Hufikiana kwa namba, yaani anwani za IP. Kwa hiyo kivinjari huanza kwa kuuliza jina hilo lina namba gani, na anayejibu ni DNS, mfumo wa seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) zilizotawanyika duniani ambazo kazi yake ni hiyo tu, kupewa jina na kutoa namba. Namba za mtindo wa zamani, IPv4, hazifiki hata bilioni 4.3, na vifaa vimezidi. Ndiyo maana nyumba yenye simu na kompyuta kadhaa huonekana kwa nje kama anwani moja, huku mtindo mpya, IPv6, ukiingia taratibu.

Namba ikishapatikana, ombi hutumwa kwenye seva yenye tovuti hiyo, na hapa ndipo penye uhondo. Data haisafiri ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1,500, na kila kimoja hubandikwa anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Picha ya megabaiti 3 hugeuka pakiti zaidi ya 2,000. Njiani hupokelewa na ruta, mashine zinazounganisha mtandao mmoja na mwingine. Ruta haijui safari yote. Ni kama mtu uliyemuuliza njia akakuonyesha kona inayofuata tu. Ukifika huko utauliza tena. Njia moja ikikatika, pakiti zinazofuata zinaweza kuelekezwa kwingine, na wewe uliyekaa mbele ya skrini huenda usijue lolote.

Tena ruta haitoi ahadi yoyote. Ikizidiwa na foleni, hutupa pakiti zilizokosa nafasi na kuendelea na kazi. Pakiti ya 40 inaweza kufika kabla ya ya 39, na ya 41 isifike kabisa. Anayeyaweka mambo sawa ni TCP, na yeye hakai njiani, hukaa kwenye kompyuta mbili za mwisho: hupanga vipande kwa namba zake, hutoa taarifa ya vilivyofika, na visivyofika hutumwa upya. Kwangu mimi huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote uliofanywa na waasisi wa intaneti. Kwa kuwa njia haijali kilichomo ndani ya pakiti, mtu akibuni huduma mpya kabisa haombi ruhusa ya ruta hata moja.

Wengi hudhani haya yote hupita hewani. Simu yako kweli hutumia mawimbi ya redio, lakini mara nyingi ni mpaka kwenye mnara tu. Data nyingi kati ya bara na bara hupita kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari, ndani yake mna nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 humalizwa kwa milisekunde 50 hivi. Setilaiti ya kawaida ya mawasiliano iko juu karibu kilomita 36,000, na kupanda na kushuka tu hula robo ya sekunde. Setilaiti mpya zinazozunguka karibu na dunia zimepunguza sana muda huo.

Muda huo ndio unaotenganisha matumizi. Malipo yanaweza kusubiri sekunde mbili, lakini hayawezi kupoteza tarakimu moja. Hapo TCP inafaa. Kwenye mazungumzo ya sauti ni kinyume. Neno lililochelewa sekunde nzima halina kazi tena, hivyo programu nyingi za simu hutumia UDP, itifaki isiyorudia kutuma: afadhali sauti ikwaruze kuliko mazungumzo yasimame. Filamu nayo hupakuliwa sekunde kadhaa mbele ya pale unapotazama, ndiyo maana inaendelea kwa muda hata mtandao ukiyumba. Kwa hiyo kununua kasi kubwa zaidi ya kupakua si lazima kuponye simu ya video inayokwamakwama, kama tatizo ni ucheleweshaji.

Jambo jingine watu hulielewa nusu: alama ya kufuli kwenye kivinjari. Maana yake ni kwamba yaliyomo yamefichwa kwa msimbo, na ruta zilizoko njiani huona pakiti zinakokwenda bila kusoma ulichoandika. Haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Matapeli nao huweka kufuli.

Na mambo yakiharibika? Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita. Hakuna seva iliyoungua. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao mkuu wa kampuni inayozimiliki zote tatu, ule unaounganisha vituo vyake vya data. Seva zake za DNS, zilipoona hazivifikii vituo hivyo, zikaacha kuzitangazia ruta za dunia njia ya kuzifikia. Majina yakakosa namba. Zana za ndani ambazo mafundi wangezitumia kurekebisha nazo zikalala, maana zilitegemea mtandao uleule. Wakati huohuo simu zisizohesabika ziliendelea kuuliza tena na tena namba ambayo hakuna aliyeweza kuitoa, na seva za DNS za watu wengine zikabeba mzigo huo. Siku kama hiyo, kabla ya kuzima na kuwasha ruta ya nyumbani, fungua tovuti nyingine isiyohusiana: ikifunguka, muunganisho wako hauna neno, na kilichobaki ni kusubiri.